Saini ya Ijumaa

Jumapili, 22 Machi

Dada Muhuri,

Nisamehe. Hii ni wiki ya sita tangu mlipopakia masanduku ya ubalozi wenu kwenye basi, ukanipungia mkono dirishani, nami nikakuonyesha kwa vidole kwamba nitaandika. Barua hii nimeianza mara nne. Mara ya kwanza Bonge aliimwagia uji, hiyo ni kweli. Hizo nyingine nilizichana mwenyewe.

Simu hazipiti tangu mpaka wa nchi zetu ufungwe, kwa hiyo nafuata njia uliyonielekeza, bahasha ndani ya bahasha, hadi dukani kwa shangazi yako nchi ya tatu, naye akufikishie.

Huku hatujambo, kwa kutazama. Bonge ameota jino la sita na anauma kila kitu, hata kitambulisho changu cha kazi. Aliumwa kidogo mwezi wa pili, akapona. Baba yake hayupo. Jeshi lilihitaji malori, likachukua lori pamoja na dereva wake, kana kwamba naye ni tairi la akiba. Sasa anabeba mbao na saruji hadi mtoni, upande wetu wa daraja. Juzi alipiga nikamuuliza wanajenga nini. Akasema choo. Baadaye kidogo akaongeza kwamba ni choo cha watu wengi sana.

Kazini, mkuu wa masjala amekuwa mtu mashuhuri. Daftari letu la kupelekea barua, lile jeusi lililochakaa kona, ambalo mimi na wewe tulikuwa tunaliwekea vikombe vya chai pale dirishani kwako ubalozini, limeonyeshwa kwenye televisheni. Msemaji wa wizara alilifungua akaweka kidole: Ijumaa, tarehe sita Februari, barua ya kuwataka muondoe askari wenu darajani imepokelewa ubalozini, na saini ya mpokeaji hii hapa. Mlipewa siku tatu tangu kupokea. Zikaisha Jumatatu jioni bila neno. Majibu yenu yalipokuja Jumatano yakarudishwa bila kufunguliwa, kwa kuwa muda ulikwisha na aliyenyamaza amekataa. Ndivyo alivyosema. Sasa hata muuza vocha wa pale nje ya lango letu ni mwanasheria, anawahesabia wateja siku tatu kwa vidole.

Niliiona saini yako, dada, na ule mkia wake mrefu. Nilikuwa namlisha Bonge, kijiko kikabaki hewani mpaka mwenyewe akanivuta mkono.

Nataka tu kujua kama wamekusumbua. Wamekuuliza nini, nawe umewajibu nini? Niandikie hata mistari miwili. Kuna jambo ningependa tuzungumze, lakini barua si mahali pake.

Mdogo wako,
Mama Bonge


Jumanne, 31 Machi

Mama Bonge, mdogo wangu,

Barua yako imefika. Shangazi aliifungua, akaisoma, akaifunga tena kwa gundi mbaya, na hata haoni haya. Anasema mwenzako anaandika vizuri ila anazunguka. Nimemjibu kwamba mtu mwenye mtoto wa miezi kumi ana haki ya kuzunguka.

Wamenisumbua, ndiyo. Nimesimamishwa kazi tangu katikati ya Februari na pasipoti yangu wanayo wao. Kila Jumatatu naitwa, nakaa kwenye benchi, naulizwa yaleyale. Saini yako ni ya Ijumaa, mbona muhuri uliougonga kwenye daftari letu ni wa Jumatatu? Barua uliificha wapi siku tatu? Nani alikutuma? Kuna mpelelezi mmoja, umri wa mwanangu, ananiita mama kwa adabu zote kisha ananiuliza nimeiuza nchi tangu lini.

Usiogope. Ule utaratibu wetu sijautaja. Kwamba kila Alhamisi nilikuwa nakutilia saini mistari miwili, wa Alhamisi na wa Ijumaa, ili Ijumaa uitumbukize barua kwenye sanduku la chuma pale ukutani bila kusubiri foleni ya dirishani, uwahi kumchukua mtoto kabla kituo cha watoto hakijafungwa. Hilo nimelimeza. Nikilitema watakutafuta wewe, na wewe una mtoto wa mkononi. Wangu wamekwisha kuota ndevu.

Nimewaambia kwa kiapo kwamba kosa ni langu: barua ilitumbukizwa Ijumaa kama kawaida, mimi sikufungua sanduku kabla ya kuondoka, nikaikuta Jumatatu asubuhi. Na lazima ndivyo ilivyokuwa. Hapo ndipo panaponiuma. Miaka kumi na moja sijawahi kutoka ofisini bila kulifungua lile sanduku. Ijumaa ile naiona mikono yangu ikizungusha ufunguo, naliona bati tupu na kile kipande cha stempu kilichoganda chini. Lakini barua ilikuwemo. Basi niliyoiona ni Ijumaa nyingine, au sikuona kitu. Nina miaka hamsini na mbili. Mama yangu alianza kusahau akiwa na hamsini na tano. Siku hizi ninaandika kila ninachofanya kwenye vikaratasi: nimezima jiko, nimefunga mlango wa nyuma. Mwanangu mkubwa amevikuta. Akanioshea vyombo.

Nikuambie na hili, maana huku wizarani wanalijua wote na huko hamlijui. Majibu yetu yalikuwa ndiyo. Askari wangeondoka darajani ndani ya wiki moja, na mahali pao wasimame waangalizi wa pande zote mbili. Niliyabeba mimi Jumatano ile. Mlinzi wenu aliitazama bahasha kwa muda, akaniambia, "Mama, nimeambiwa nisiipokee." Nikarudi nayo.

Wasuluhishi wa ugomvi huu wa daraja wataketi tarehe kumi na moja Mei, mji uleule wa shangazi. Wanasheria wetu wamekata tamaa, na waliyemkatia tamaa ni mimi. Sanduku lile ni la ubalozi, wanasema. Likishapokea, ubalozi umepokea, awe amelifungua mtu au hakulifungua. Kwa kauli yangu, siku tatu zilianza Ijumaa, na kwa hiyo nchi yenu ina haki ya kusema tulinyamaza.

Ni jambo gani ulilotaka kusema? Kama ni kunipa pole, nimepoa.

Dada yako,
Muhuri


Jumatano, 8 Aprili

Dada,

Sikukupa pole, kwa hiyo usipoe. Soma hadi mwisho kabla hujaichana.

Hukusahau. Ijumaa ile ulilifungua sanduku na lilikuwa tupu. Barua ilikuwa kwangu.

Saa sita na dakika ishirini mchana ilikuwa bado mezani kwa mkurugenzi, anabadilisha neno moja. Alianza na "tunawataka", akaweka "tunawasihi", akarudi kwenye "tunawataka". Kituo cha watoto kikapiga simu: Bonge ana degedege. Mkuu wa masjala akanikabidhi bahasha akasema nipitie kwanza ubalozini kwa kuwa ni njiani. Ni njiani kweli, kona mbili tu. Nikaisokomeza kwenye mkoba wa mtoto, nikakimbia, na kwenye kona ya kwenu sikugeuka. Hilo silijutii. Leo hii nikiambiwa nichague tena kati ya bahasha na mtoto aliyegeuza macho, nitapita tena.

Ninaloona haya ni Jumamosi. Asubuhi homa imeshuka, natafuta nepi, nikaigusa bahasha chini ya mkoba. Chupa ilikuwa imevuja, kona moja imelowa maziwa. Nikakaa kitandani nayo mapajani. Ningeweza kuvaa viatu. Ningeweza kumpigia mkuu wangu. Dada, nilichofikiria kwanza ni karipio, na jinsi atakavyosema ndio maana hataki wanawake wenye watoto wachanga pale masjala. Halafu nikalifikiria daftari. Saini yako ipo, tarehe nimekwisha kuiandika, nani atajua? Nikaikausha bahasha kwa pasi. Jumatatu, hata saa moja haijafika, nikaitumbukiza sandukuni kabla hujaja, nikaenda kazini nikanywa chai.

Usiseme sikujua uzito wake. Ndani sikusoma, karani hafungui. Lakini ilikuwa na lakiri nyekundu, na lakiri nyekundu hatuibandiki kwenye mwaliko wa chakula cha mchana.

Sasa hesabu nawe. Barua mmeipata Jumatatu, siku tatu zinaisha Alhamisi, majibu ya Jumatano yamewahi. Ile "ndiyo" yenu ingesomwa.

Nilipoliona daftari kwenye televisheni nilijiambia wakubwa hawawezi kupigana kwa ajili ya bahasha, wataelewana wenyewe. Kisha wakachukua lori. Kisha nikakuandikia. Na ile barua yangu ya kwanza, nikuambie ukweli, nilitaka kujua kama umenitaja. Nilikuuliza hali yako ili nijue yangu.

Baba Bonge amepiga tena. Ana kikohozi cha vumbi. Akasema, "Tumewaandikia kiungwana, wametupuuza. Watu wa namna hiyo unawafanyaje?" Nikamwambia ajifunike kifua. Hilo ndilo lililonitoka mdomoni.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, ndivyo tunavyosema. Huu ni wangu, na umekuchoma wewe, ukavumilia mwenyewe ili nisiguswe mimi. Nimesoma habari ya vile vikaratasi mara moja tu, sikuweza mara ya pili. Vitupe. Akili yako haina kasoro. Jiko umelizima.

Nitasema. Sijui kwa nani wala siku gani, lakini nitasema.

Mama Bonge


Alhamisi, 16 Aprili

Mama Bonge,

Nimesoma hadi mwisho, kama ulivyoniagiza.

Kwa hiyo nililifungua.

Sitakuficha, kwanza nilifurahi. Nilisimama katikati ya chumba nikacheka peke yangu, mwanangu akachungulia mlangoni akadhani akili zangu ndio basi tena. Halafu nikahesabu wiki. Tisa. Wiki tisa umeniacha nijipapase kama kipofu nyumbani kwangu, nawe unajua.

Mtoto kuumwa ningekuelewa hata hujamaliza kusema. Jumatatu ile ungesubiri nusu saa tu pale dirishani, ukaniambia dada, mambo yako hivi. Tungekata ule mstari wa Ijumaa kwa kalamu, wewe ukakaripiwa kwenu, mimi nikakaripiwa kwetu. Kati yetu palikuwa na kioo tu, tena chenye tundu la kuzungumzia.

Na mimi si msafi. Saini ya kabla ya siku yake ni uongo, hata ikitiwa kwa huruma. Sheria hiyo niliijua wewe ukiwa bado shuleni. Nilikuonea huruma kwa kalamu ya serikali, ambayo haikuwa yangu kuitolea huruma.

Sasa hili. Mwanangu wa pili ameitwa jeshini juzi. Wanapelekwa mtoni. Unaniambia utasema, hujui kwa nani wala siku gani. Mimi siku ninayo, ni tarehe kumi na moja Mei. Usiponiambia yako, nitasema peke yangu, na nitakuwa mwanamke aliyebadilisha kauli bila kitu mkononi.

Usiniite dada kwa sasa. Sikio langu halitaki.

Muhuri


Ijumaa, 24 Aprili

Bi Muhuri,

Barua yako imenikuta nimekwisha kusema. Nilisema Jumatatu, tarehe ishirini. Sikuambii hivyo ili unisifu; ni ili ujue kwamba hukunisukuma.

Nilipanda ghorofa ya tatu kwa mwanasheria wa wizara, yule mzee anayevaa sweta hata jua likiwaka. Bonge nilikuwa naye mgongoni kwa sababu sikutaka kupata kisingizio cha kuondoka mapema. Nilimweleza yote, kuanzia Alhamisi za mistari miwili hadi pasi. Hakunikatiza. Bonge akachomoa kalamu mfukoni mwake, naye akamwachia aiume. Nilipomaliza akavua miwani.

"Unajua unachoniomba?" akasema. "Nikaiambie serikali yangu kwamba haina sababu."

Nikasema najua.

"Tangu Februari natafuta njia ya kuwaambia wasubiri," akasema. "Nimepekua mikataba yote iliyoko kabatini. Kumbe ilikuwa chini ya nepi."

Hakucheka, wala mimi. Aliniambia waziwazi kwamba nitashtakiwa kwa kuandika uongo kwenye daftari la serikali, na kwamba yeye hawezi kunitetea kwa kuwa wizara ndiyo mteja wake. Nikamuuliza nani atabaki na mtoto. Akasema hilo mahakama haitaliuliza. Nilipenda kwamba hakunidanganya. Mama mkwe amekuja, yuko hapa, hanisemeshi ila anamwogesha mjukuu vizuri.

Jumanne mkuu wa masjala aliniita mbele ya wote. Maneno yake siyarudii. Mistari miwili ya Alhamisi alikuwa anaijua miaka yote, lakini alipoulizwa alisema ndio kwanza anaisikia, akatazama dari. Kitambulisho wamekichukua, na meza yangu wameiwekea mashine ya kunakili.

Baba Bonge nilimwambia kwa simu. Sikutaka aje alisikie kwa wenzake kwenye foleni ya mafuta. Nikasikia malori nyuma yake. Kisha akauliza, "Mtoto amekula?" Nikasema amekula. Akakata. Hajapiga tena. Mwanao na yeye sasa wanatazamana kwenye maji yaleyale, na wote wawili wameambiwa wa ng'ambo ndiye aliyekataa kujibu.

Juu kwa wakubwa hawanitaki. Mmoja alimwambia mwanasheria kwamba karani mwenye kinyongo hawezi kurudisha nyuma malori mia tatu, na kwamba pengine mmenihonga nyinyi. Neno langu tupu halitoshi. Lako tupu halitoshi pia, kwa kuwa umekwisha kula kiapo kwamba Ijumaa barua ilikuwemo sandukuni. Karatasi ndizo zitakazosema. Mzee amewaandikia kwamba wasuluhishi wakipewa daftari, lazima wapewe na ukweli wa daftari, au yeye hasafiri. Wamemruhusu asafiri na atakachokuwa nacho mkononi siku ya kikao.

Kuna moja nililolikumbuka mwenyewe. Ijumaa ya tarehe kumi na tisa Desemba ulisafiri alfajiri kwenda kwenu likizo. Ubalozini hukuwepo kabisa. Lakini saini yako ya Ijumaa hiyo ipo kwenye daftari letu, na mkia wake. Nilipomwonyesha mzee alifunika ukurasa kwa kiganja kama anayeogopa upepo, akaondoka nalo.

Msamaha sikuombi kwenye barua hii. Nikiuweka humu utakuwa kama bei ya ninachokiagiza, na hivi ninavyoviagiza si vyangu. Vifike dukani kwa shangazi yako kabla ya Ijumaa, tarehe nane Mei, saa sita mchana. Mzee atavichukua kwa mkono wake na kuviwekea saini mbele ya shangazi, siku hiyohiyo. Bado navihitaji hivi:

Bahasha ya barua yetu yenyewe, si nakala. Najua mlirudi nayo kwenye masanduku yenu. Kona ya chini, kulia, ina doa. Lisifutwe wala lisipigwe pasi tena, watalipima kama ni maziwa.

Nakala ya ukurasa wa daftari lenu la kupokelea, wenye muhuri wa Jumatatu, tarehe tisa Februari, na saa uliyoandika pembeni. Ithibitishwe na wakili.

Nakala ya ukurasa wa pasipoti yako wenye muhuri wa kuingia kwenu, tarehe kumi na tisa Desemba. Wakikataa kukupa, waombe kwa maandishi, na utume ile barua yao ya kukataa.

Bahasha ya majibu yenu kama ilivyorudi Jumatano, haijafunguliwa. Hiyo itolewe na wizara yenu, lakini wewe ndiye wa kuwaambia waitoe. Ifunguliwe mbele ya wote, kule kikaoni.

Saini yako mara sita kwenye karatasi moja, kwa kalamu ya wino wa kijani kama ile ya dirishani, wailinganishe na za daftari.

Jina la kikosi cha mwanao, kama unaruhusiwa kulitaja. Mzee anataka kujua nani yuko darajani. Usipotaka, acha.

Na kiapo kipya, mbele ya hakimu, kwa mwandiko wako na si cha kupiga chapa. Cha kwanza ukifute. Useme kwamba saini ya Ijumaa uliitia Alhamisi, na kwa ombi la nani; jina langu liandike lote. Kisha useme kwamba Ijumaa ile, kabla ya kufunga ofisi, ulilifungua sanduku na halikuwa na kitu ndani.

Mama Bonge